Somo la Vipimo, Uyole

Darasa letu liko nyuma ya mashine ya kusaga,
kwa hiyo kila neno ninaloandika ubaoni
hupata unga kabla halijasomwa.
Ni Juni. Wamekuja na makoti ya mitumba,
na Ambakisye, mlinzi wa ghala, kabeba jiko lake
akaliweka katikati yetu, liwake, lisikilize.

Malori ya Zambia husimama njia panda.
Dereva hunyoosha vidole, muuzaji hunyoosha vyake,
na vidole, kama mjuavyo, hupunja.
Ndiyo sababu wamejiandikisha.

Niliwaambia kila mtu alete alichonacho gengeni.
Mezani kuna chupa ya mafuta, mche wa sabuni,
chane ya ndizi kutoka Kiwira, mkate uliobonyea ubavu,
sado ya maharage,
na mchele wa Kyela, Subilaga kaufunga kwenye pindo la kanga.

Chupa ni <i>botol</i>. Hiyo imepita bila mzozo.
Mkate mzima, nikasema, ni <i>lofu</i>.
"Lofa?" Tumpale akauliza. "Mkate wa asiye na kazi?"
Tukapoteza dakika tano hapo.
Chane, nikasema, ni <i>banchi</i>.
Na mkungu? <i>Banchi.</i>
Wakatazamana wauza ndizi wawili,
nikaona bei ikipanda katikati ya somo langu.

Kisha nikachora mstari ubaoni.
Huku vinavyohesabika, kule visivyohesabika.
Viazi, huku. Mayai, huku. Mchele, kule.

Subilaga akafungua pindo la kanga.
"Mwalimu, huu nimeuchambua jana usiku,
punje kwa punje, mawe huku, chuya kule,
kwa mwanga wa simu yenye chaji moja.
Haukuhesabika na nani?"

Sikuwa na jibu. Nikakimbilia mbele:
hata pesa, nikawaambia,
kwa Kiingereza pesa nayo haihesabiki.
Wakanitazama
kama mtu aliyekuja kukopa.

"Na lumbesa?"
Nani aliuliza, sikumwona, moshi wa jiko ulikuwa mwingi.
Nikafungua kamusi. Nikaipekua kwa heshima zote.
Gunia lipo, debe lipo, tenga lipo,
lakini gunia lililobebeshwa gunia jingine kichwani
likashonewa kofia ya kamba,
likauzwa kwa jina la gunia moja
huko shambani Isongole mvua ikinyesha,
hilo halikuwemo.
"Basi hawajawahi kulima," Ambakisye akasema,
akachochea mkaa.

Mashine ilipozimwa ndipo nikafundisha <i>lito</i>.
Nilishusha sauti, maana sasa ilisikika.
Kuna kiherufi, nikasema, kinasomwa <i>e</i>,
kidogo kuliko punje ya ulezi.
Kiweke mbele: <i>e lito shuga</i>.
Sukari si nyingi, lakini ipo, chai itanyweka.
Kiondoe: <i>lito shuga</i>.
Kopo ni lile lile, sukari ni ile ile,
ila sasa umeshika kopo na unalitazama ndani.

Hakuna aliyecheka.
Subilaga aliomba kalamu yangu,
akaiandika ile <i>e</i> kiganjani, peke yake,
akafumba ngumi, akaenda nayo nyumbani.

Asubuhi ukungu haujaachia barabara
nikamkuta anamkaribisha dereva, sauti juu:
"<i>E sado ov poteto! End e lito</i> nyongeza!"
Yule bwana akacheka, akashuka, akalipa,
noti zake akazihesabu moja moja
mbele ya macho yangu.

Sikusahihisha kitu. Nikanunua fungu langu.
Aliniwekea viazi viwili juu yake,
akafikiri,
akarudisha kimoja.